Kanda ya Mama Beryl na Jicho la Mutisya

Siku ya kuniaga mliniomba niseme machache. Nikasimama, nikasema asanteni, nikakaa. Wengine mlidhani machozi yamenilemea. Ukweli ni kwamba keki ilikuwa imeshakatwa na vijana wa maabara walikuwa wanaizunguka, nami nawajua. Sasa niko nyumbani, magoti yamepumzika, na yale niliyotaka kuwaambia naweza kuyaandika bila mtu kunitazama. Vyeo sitavitaja. Mkitaka kujua nilipanda lini, faili iko ofisini na nadhani panya hawajaimaliza.

Nitaanza na mlango. Nilipofika kliniki yetu, hapa pembeni mwa Kibera ambapo ukisimama kwenye ngazi unayaona magorofa ya Nyayo Highrise, nilikuwa muuguzi mwenye miaka mingi ya wodi kubwa na kiburi chake chote. Thieta yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Kila Alhamisi daktari wa upasuaji alikuja kuondoa saratani za ngozi, zile zinazoweza kutolewa kwa sindano ya ganzi mgonjwa akiwa macho, kisha jioni akarudi kwake.

Mkubwa wangu alikuwa Metroni Nekesa, mwanamke wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyethubutu kujifanya hakuisikia. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha kabati la dawa wala rejista. Alinikalisha kwenye benchi la wagonjwa na kuniambia nisitoke hapo mpaka saa sita. Nikakaa. Mlango wa kijani ulifunguliwa, ukatoa harufu ya spiriti na mlio wa vyuma kwenye bakuli, ukafungwa. Ukafunguliwa tena, ukafungwa. Kufikia saa nne nilikuwa nahesabu kila ulipofunguka, na mimi sikuwa nakatwa kitu.

Saa sita akaja. "Umeona nini?"

"Mlango, Metroni."

"Na wao huo ndio wanaouona. Mgonjwa haogopi kisu, Mbula. Kisu amekishika tangu akiwa mtoto. Anaogopa mlango."

Yeye dawa yake ilikuwa rahisi. Kila Jumatano alimshika mgonjwa mkono, akamwingiza thieta ikiwa tupu, akamwonyesha kitanda, taa, sinki, hata ndoo ya takataka. Baadaye akastaafu, wagonjwa wakaongezeka, nami nikabaki na mikono miwili tu. Wengi walitoka mbali na hawangeweza kupoteza Jumatano na Alhamisi pia. Kwa hivyo walikaa kwenye benchi wakiuangalia mlango, na mmoja baada ya mwingine wakaniomba ruhusa ya kwenda choo. Choo chetu kiko karibu na geti. Aliyekijenga pale hakuwahi kufanya kazi na watu waoga.

Siwacheki. Wengi walikuwa albino wanaouza juani kutwa nzima, na wengine wenye makovu ya moto ya utotoni ambayo, baada ya miaka mingi, yalifunguka na kukataa kupona. Wote walikuwa wameambiwa na jirani kwamba kansa ikiguswa na kisu inaamka. Ukweli ni kwamba walikuja wakiwa wamechelewa, akakatwa mtu ambaye saratani imeshatembea, akafa, na kisu kikalaumiwa. Nilichoka kuwaona wakirudi baada ya miezi sita na kidonda cha ukubwa wa kisahani. Nikaapa nitaufungua mlango ule hata kwa nyundo.

Ndipo wafadhili wakatuletea televisheni, mashine ya video na kanda moja ya kuwatuliza wagonjwa kabla ya kupasuliwa ngozi. Nilifurahi kama mtoto. Ndani ya kanda kulikuwa na mzee wa Kizungu mwenye madoadoa puani, amelala kwenye kiti kinachopanda na kushuka chenyewe, na muuguzi anamletea kahawa. Nilisimama kando nikitafsiri.

Aliyeongea kwanza ni Mama Beryl, albino wa hapa Kibera karibu na reli, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa na kidonda cha saratani mkononi, juu kidogo ya kiwiko, mahali ambapo jua lilikuwa limempiga tangu akiwa msichana.

"Sista, hiyo kahawa tutapewa?"

"Hapana."

"Na hicho kiti?"

"Hatuna."

"Sasa hii video ni ya nani? Yawa, huyo ni mzungu. Mimi niko mweupe lakini si mzungu. Nionyeshe mtu amekatwa hapa, kwa huo mlango wenu, na ametoka."

Nilikuwa sina. Nikamwambia basi awe yeye. Akasema atakubali kwa sharti moja, apigwe picha kwanza akiwa na nguo yake nyeupe ya kanisa, ili watu wajue kwamba siku nyingine huwa anapendeza. Daktari akakubali. Mimi nikamtafuta Oduor.

Oduor alikuwa kijana wa kamera, mwenye kibanda Kawangware, na kazi yake mliijua nyote mliokulia mitaa hii. Alipiga harusi mara chache na matanga mara nyingi. Mtu akifa Nairobi na mwili ukisafirishwa kwenda Siaya au Kitui, Oduor alifuata, na kanda ikaletwa mjini ili walioshindwa kusafiri waone jinsi mtu wao alivyozikwa. Kazi yake ilikuwa safi. Alhamisi ile nilimvika gauni, kofia na buti kubwa za daktari, nikabandika utepe sakafuni na kumwambia akiuvuka nitamchoma sindano ya kwanza nitakayoiona. Hakuuvuka. Taa ya kamera yake ilikuwa kali kuliko yetu hata daktari akaomba isogezwe karibu.

Mama Beryl alilala, mkono umenyooshwa juu ya ubao, kitambaa cha kijani kimefunika kila kitu isipokuwa kidonda. Aliguna sindano ya ganzi ilipoingia, kisha akaongea mwanzo hadi mwisho. Alimweleza daktari tofauti ya omena iliyokaushwa kwa mchanga na iliyokaushwa kwa wavu, na daktari akasema hatakula tena ile ya mchanga. Baada ya nyuzi na bandeji alishuka mwenyewe, akavaa viatu, akatoka kwa mlango wa kijani na kuelekea getini. Nilijua tumeipata.

Oduor alikwenda kuitengeneza kanda kwake. Akaileta Jumatano, na Jumatano hiyo stima ilipotea kutwa, kwa hivyo sikuitazama. Hilo ni kosa langu na naliandika hapa kwa jina langu.

Alhamisi asubuhi benchi lilikuwa limejaa. Mwishoni alikaa mtu niliyekuwa nampigania kuliko wote, Mutisya, seremala kutoka Kitui aliyekuwa akiishi Kawangware 46, pale stendi ya basi, na kutengeneza vitanda kando ya barabara. Alipokuwa mdogo alianguka motoni, likabaki kovu upande wa kulia wa uso, kati ya sikio na jicho. Sasa kovu lilikuwa limefunguka, kidonda kimeinua kingo zake, na kila wiki kilisogea mbele. Daktari alikuwa ameniita pembeni. "Ana mwezi, Sista. Baada ya hapo nikikitoa nitakitoa pamoja na jicho." Nilimwambia Mutisya hivyo hivyo, bila sukari. Alikuwa ameshaenda choo mara mbili, Alhamisi mbili tofauti.

Nikabonyeza mashine. Skrini ikawa nyeusi. Kisha ikaanza kwaya, polepole, sauti za huzuni. Kisha ikatokea picha ya Mama Beryl katika nguo yake nyeupe, ndani ya duara la maua ya waridi, na chini yake majina yake yote matatu. Picha ikazunguka taratibu, ikayeyuka. Baada ya hapo zilifuata zile picha nzuri tulizopiga, kitanda, taa, mikono ya daktari, omena. Lakini hakuna aliyekuwa anaziona. Wanawake walikuwa wameweka viganja mashavuni. Mzee mmoja alikuwa amevua kofia. Mwishoni Mama Beryl alitembea kuelekea getini, Oduor akaipunguza kasi mpaka akawa kama anaelea, weupe ukammeza, na kwaya ikarudi.

"Alikufa lini?" Mutisya akauliza.

"Hajakufa," nikasema, nikacheka. Kucheka lilikuwa kosa la pili.

"Pole, Sista. Hata shemeji yangu alikuwa anaongea vizuri tu kwa kanda yake." Akachukua kofia yake. "Wacha niende choo."

Nusu saa baadaye benchi lilikuwa tupu. Daktari alitoka na glavu mikononi, akatazama kushoto na kulia, akazivua. Nilikwenda stoo, nikafunga mlango, nikalia kwa hasira. Kisha nikanawa uso na kumtuma mtu amwite Oduor.

Oduor alikuja akidhani anakuja kusifiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulionyesha mshangao wa kweli.

"Lakini Sista, ni mtu mmoja."

"Mtu mmoja ndio nini?"

"Harusi iko na watu wawili. Mtu akiwa peke yake kwa kanda, na picha yake iko hapo mbele, hiyo ni matanga. Nimefanya hii kazi miaka mingi. Ningeweka nini ingine?"

Nilikuwa nimemwita nimkaripie. Nani alikuwa amewahi kumwonyesha kitu kingine? Tulimpa mtu mmoja aliyevaa nyeupe, amelazwa, amefunikwa kitambaa, na watu wamemzunguka. Yeye akafanya kwa heshima kile alichojua.

Mama Beryl ndiye aliyewaka moto. Habari ilikuwa imemfikia kabla yangu, kwa sababu akina mama wa kanisa lake walikuwa wamefika nyumbani kwake na sukari na majani chai, wakiimba, wakamkuta anakaanga samaki. "Niliwaambia warudi na wimbo wao," alisema, "lakini sukari waache." Baada ya kusema hivyo hakucheka. "Sista, mimi nilikubali ili watu wasiogope. Sasa ni mimi naogopesha watu. Hiyo kitu irudiwe. Na saa hii nitaongea mwenyewe."

Tuliirudia Jumapili. Kwaya ikatoka, maua yakatoka. Kanda mpya ilianza sokoni, Mama Beryl amesimama nyuma ya meza yake akipimia mteja omena, na mteja alikuwa Oduor mwenyewe, aliyempa kamera ndugu yake ili watu wawe wawili. "Mimi ni Mama Beryl," alisema. "Niko hai. Hii ni omena ya leo. Sasa mniangalie vile nilifanyiwa." Akakunja mkono wa blauzi na kuonyesha kovu jekundu lenye alama za nyuzi. Safari hii niliitazama mara tatu, peke yangu, na stima ilikuwepo.

Lakini wiki mbili zilikuwa zimekwenda, na Mutisya hakuonekana. Mwezi aliopewa ulikuwa umefika nusu. Sikuwa mtu wa kwenda kuwavuta wagonjwa makwao, hata leo siwashauri. Siku hiyo nilikwenda. Nilimchukua Mama Beryl, Oduor akatufuata na kanda mfukoni, tukamkuta Mutisya Kawangware 46 kando ya barabara, maranda yamejaa miguuni, kitambaa kimefungwa kuficha kidonda. Inzi walikuwa wamekijua. Kope ya chini ilikuwa imeanza kuvutwa.

"Wĩ mũseo, mwaitu," alinisalimia kwa Kikamba, kama anavyosalimiwa mama, maana mimi na yeye ni Wakamba na adabu haikumtoka hata akiwa amekasirika. Kisha akahamia Kiswahili kwa sababu ya wageni. "Najua kwa nini umekuja. Sitaki."

"Huyu ndiye marehemu," nikasema.

Mama Beryl akanyoosha mkono. Mutisya akaushika, akaugeuza upande wa kovu, akapitisha kidole cha gumba juu yake vile anavyopima maungio ya mbao.

"Alishona hii ni nani?"

"Daktari," Mama Beryl akamjibu. "Na nilikuwa nikiongea naye."

"Imelala sawa." Akauachilia. "Lakini yako ilikuwa kwa mkono. Yangu iko karibu na jicho. Kisu kikigusa hapa, kansa inaamka inaingia kichwa."

"Iko macho tayari, Mutisya," nikasema. "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Hiyo ni ya mwashi. Mimi ni seremala." Akainua ubao kutoka kwenye rundo. "Na jicho hata likienda, sawa. Fundi anatumia jicho moja. Mungu alinipa mbili ili moja ipumzike."

Alisema hivyo kwa utani, lakini utani wa mtu aliyeshaamua. Kisha, ili kutuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha, akaendelea na kazi. Aliuinua ubao usawa wa uso, akafumba jicho moja, akautazama kwa urefu wake kuona kama umenyooka. Mimi nilikuwa nimekwisha kugeuka niondoke. Miaka thelathini ya kazi inakufundisha kutazama mikono na macho hata ukiwa na hasira, na hilo ndilo lililonisimamisha.

"Mutisya. Umefumba lipi?"

"Nini?"

"Usilifumbue. Guza hilo ulilofumba."

Akaweka kidole juu ya kope. Lilikuwa la kushoto, lile zima. Alikuwa anapima kwa jicho la kulia, lile lililo kando ya kidonda.

"Sasa pima na la kushoto."

Alijaribu. Akabadilisha mkono, akasogeza shingo, akainua ubao tena. Akauweka chini, akachukua mwingine ambao alikuwa ameshaupiga randa, akaufanyia vile vile.

"Hili la kushoto halijui kazi," Mutisya akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nitabaki na lile halijui kazi."

"Ndiyo."

"Huyo daktari. Nataka kuona vile anakata. Si uso ya mama. Mikono ya daktari."

Jirani yake alikuwa na kibanda cha video cha mabati, na asubuhi hiyo hakikuwa na watu. Oduor akaingiza kanda. Mutisya alikaa mbele kabisa, viwiko magotini. Habari za sokoni alizipita. Ilipofika mikono ya daktari akasema, "Rudisha." Oduor akarudisha. "Rudisha tena. Hapo anaposhona." Aliuliza kisu kile kinanolewa na nani, nikamwambia hakinolewi, kinatumika mara moja na kutupwa. Hilo halikumfurahisha, aliona ni uharibifu. Aliuliza pengo la ngozi linajazwa na nini, nikamweleza kwamba kwake daktari atatoa ngozi nyembamba pajani na kuibandika pale. Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Kiraka."

"Kiraka."

"Huyu mtu haharakishi," akasema, macho yakiwa kwenye skrini. "Nitakuja. Lakini Oduor anichukue video mimi pia. Nikifa atakuwa na kazi tayari."

Alikuja Alhamisi ya wiki hiyo. Alipofika kwenye mlango wa kijani aligonga kwanza mara mbili kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, akasema ni mbao nyepesi iliyopakwa rangi ili ionekane nzito. Kisha akaufungua mwenyewe. Nilimshika mkono saa mbili nzima. Niliogopa, nakiri. Daktari alikata mpaka ukingo wa kope akasimama, akaangalia, akakata tena kama unene wa ukucha, akasimama. Nilisikia pumzi yake nyuma ya barakoa. "Jicho limebaki," alisema. Mutisya akauliza, bila kutikisa uso, kama kiraka kimelala sawa.

Kililala. Haikuwa sura ya kupendeza, na kope ile haikufunga vizuri tena, lakini saratani ilitoka yote na haijarudi. Kanda yake ikawa ya pili. Tulitengeneza nyingine baadaye, na kila moja ilikuwa na watu wawili mwanzoni, na kila mgonjwa alisema jina lake na kwamba yuko hai. Kutoroka hakukuisha, msidanganyike. Hata leo yupo wa kwenda choo. Lakini benchi lilianza kubaki na watu, na kazi yangu ikawa kazi. Kanda ya Mama Beryl imechezwa mpaka picha zinaruka mahali pa omena. Msiitupe. Na kanda mpya zikija, za wazungu au zetu, zitazameni ninyi kwanza.

Sasa nirudi siku ile ya kuniaga, maana wachache wenu mliona lililotokea uani baada ya keki. Oduor, ambaye siku hizi ana tumbo na kamera ndogo inayoshikwa kwa mkono mmoja, alinisimamisha mbele ya mlango wa kijani. Nilikuwa nimevaa yunifomu yangu nyeupe kwa mara ya mwisho. Aliinua kamera, akanitazama kupitia kwayo, akaishusha.

"Sista, uko peke yako," akasema.

Nilielewa, na ghafla sikutaka kucheka. Yale machozi mliyoyatafuta ndani wakati wa hotuba yalikuja hapo. Mtu akiacha kazi yake yote nyuma ya mlango, akasimama nje amevaa nyeupe, hata yeye mwenyewe anaweza kuikosea kanda akadhani ni ya matanga.

Mutisya alitoka kwenye kundi lililokuwa likinywa soda. Nywele zake zimekuwa za mvi. Akaja kusimama upande wangu wa kushoto, bega kwa bega, akamgeukia Oduor. Alifumba jicho la kushoto, akamlenga kwa lile la kulia kama anayepima ubao.

"Umeinamisha kamera," akamwambia. "Nyoosha. Sasa tuchukue."